Mstari wa Chaki

Swali la kwanza nililomuuliza yule binti lilikuwa, "Umekunywa nini?" Jina lake sikuuliza.

Ilikuwa usiku wa masika, mwaka 2013. Alikuja kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na shangazi yake, kajifunga kanga mbili na ya ndani imeloa. Shangazi ndiye aliyesema: "Nesi, mwanangu kaanguka mtoni, mimba imeharibika." Nilimtazama yule binti na sare ya shule iliyokuwa ikichungulia chini ya kanga, nikajua kwamba hakuna mto hapo. Nikawaambia wakae kwenye benchi.

Niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Kazi niliyokuwa nayo mezani ingeweza kusubiri. Nilikuwa napigia mistari rejista. Nikapiga mistari karibu nusu saa, na katikati ya mistari nikamwambia mhudumu mwenzangu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi: "Wakiwa kwenye starehe hawatuiti. Wakishaharibu ndiyo nesi, nesi."

Tabibu alipokuja, alimsafisha bila dawa ya maumivu. Siyo kwamba haikuwepo. Binti alipolia, akaambiwa atulie, mbona wakati anatoa hakupiga kelele? Mimi nilimshika magoti. Alijaza pindo la kanga mdomoni akaliuma. Ile kanga ilikuwa na maandishi, nimeyasahau. Alama za meno sijazisahau.

Alipona. Kabla ya adhuhuri, dripu haijaisha, kitanda kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekuwa amezungumza naye habari za uzazi wa mpango, wala dalili za hatari, wala siku ya kurudi. Niliandika kwenye rejista "mimba kuharibika", nikafunga.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kwetu ni Kilole, hapa Korogwe, na ukali ule sikujifunza chuoni. Nilikwenda nao chuoni. Mama yangu ni mtu wa kanisa, na mtaani kwetu msichana aliyesemekana "katoa" alikuwa hatajwi jina, anatajwa kwa kidevu: mtu anaelekeza kidevu upande wa nyumba yao, wote wameelewa. Sekondari nilisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni kabla ya kurudishwa darasani. Wasomaji wa humu wengi mnaijua. Darasani kwetu tulijadili malezi, ukali wa baba, tamaa za wanaume. Ila ilipofika zile mimba za Rosa, tuliandika kwenye daftari neno moja, "fundisho", tukafungua ukurasa mwingine. Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza aliumwa kiasi gani, au nani alimpa maji ya kunywa.

Baadaye nilikuja kuona tarakimu za mwaka ule ule wa 2013. Watafiti wa NIMR, Muhimbili na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani walikadiria kwamba mimba zilizotolewa Tanzania mwaka huo zilikuwa kama 405,000. Wanawake wapatao 66,600 walitibiwa madhara yake kwenye vituo vya afya. Waliopata madhara wakakosa matibabu walikuwa wengi kuliko hao. Binti wangu yumo kwenye 66,600. Kwenye hesabu, yeye ni mmoja wa waliohudumiwa.

Sheria yetu ni ngumu, hilo lazima lisemwe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inampa anayetoa mimba ya mwenzake kifungo hadi miaka 14. Mwanamke mwenyewe, kifungu cha 151, hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinaacha mlango mmoja: upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Tanzania pia iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, inayokwenda mbali zaidi ya hapo, lakini sheria za ndani hazijaifuata. Sasa, katika vifungu vyote hivyo, hakuna kinachomkataza nesi kumtibu mwanamke anayevuja damu. Huduma baada ya mimba kuharibika ni halali, iwe imeharibika yenyewe au imeharibiwa. Nilikuwa nalijua hilo. Lilikuwa kwenye mtihani, nikalijibu vizuri.

Miaka kadhaa baadaye nikaitwa kwenye mafunzo, siku tatu, ukumbini Korogwe mjini. Barua ilisema ni ya huduma baada ya mimba kuharibika, na mimi nilidhani tutafundishwa ile pampu ya mkono ya kusafishia kizazi. Pampu ilifundishwa, ndiyo, lakini siku ya kwanza nzima hatukuigusa. Mwezeshaji alipanga viti pembeni, akachora mstari wa chaki katikati ya sakafu.

Mazoezi hayo yana historia yake. Shirika la Ipas liliyakusanya kwenye mwongozo uliotoka mwaka 2008, na yamefanyiwa kazi nchi nyingi tangu hapo. Lengo lake ni kumfanya mhudumu wa afya achungulie anachokiamini, aone kinavyotoka mdomoni na mikononi anapokutana na mgonjwa. Tuliyaita "mafunzo ya mstari".

"Vuka kama ulikulia mahali ambapo kutoa mimba hakusemwi." Tukavuka wote, tukicheka.

"Vuka kama unamfahamu mtu aliyewahi kutoa." Kicheko kikapungua. Walivuka wengi kuliko nilivyotegemea.

"Vuka kama uliwahi kumhudumia mwanamke kwa namna ambayo usingependa dada yako ahudumiwe."

Feni ilisikika. Halafu mama mmoja wa makamo, nesi wa zahanati huko upande wa Handeni, mtu aliyekuwa akisali kabla ya chai na kabla ya chakula, akavua viatu, sijui kwa nini, akavuka peku. Nikamfuata.

Mchana tulijaza karatasi za maoni bila majina. Zikachanganywa, kila mtu akapewa ya mwenzake. Unakwenda kwenye kona ya ukumbi inayolingana na karatasi uliyoshika, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", na unatetea maoni hayo kama yako. Karatasi yangu ilikuwa imeandikwa na mtu aliyeamini kwamba mwanamke anayetoa mimba hastahili dawa ya maumivu. Nilijaribu kutetea. Sentensi ya kwanza ikatoka bila shida, kwa sababu niliwahi kuisema. Ya pili ikanikwama. Niliposikia hoja ile kwa sauti yangu, mbele ya watu, mchana kweupe, ilikuwa hoja ya mtu anayetaka kuadhibu na anatafuta sababu.

Tabibu mmoja kijana alipinga, na nashukuru alipinga. "Kwa hiyo mnataka tubadili dini?" Mwezeshaji akamjibu kwamba imani yake ibaki palepale ilipo. "Ninachouliza ni kimoja tu: akifika saa nane usiku, damu inatoka, atapata nini kwako?" Tabibu hakuridhika. Hata siku ya tatu hakuridhika. Ila alijifunza pampu, na alijifunza kuanza na dawa ya maumivu.

Zoezi la mwisho lilikuwa kisa cha mwanamke aliyekufa. "Kwa nini alikufa?" Tukajibu kitaalamu: damu, maambukizi, alichelewa. "Rudini nyuma," akasema mwezeshaji. Hakuwa na nauli. Mwanamume alimkana. Angefukuzwa shule. (Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatishwa masomo na uzazi wanaweza kurudi darasani. Binti wangu wa 2013 alikuwa na sare, na alijua hesabu yake.) "Rudini nyuma tena." Ukumbi ulinyamaza. Nikasema, "Benchi." Hakuna aliyeniuliza benchi gani.

Sitaki kuyapamba mafunzo. Siku tatu hazimgeuzi mtu. Wapo waliokuja kwa posho, wakarudi na posho. Hata mimi, kuna usiku nimechoka, anaingia mtu na hadithi ya kuanguka, na lile swali la zamani linanijia mdomoni kabla ya salamu. Kanisani bado naenda na naamini ninachokiamini. Kilichobadilika ni utaratibu. Kwanza jina. Halafu, "pole". Halafu pazia, presha, dawa ya maumivu. Nikihitaji kujua alichokunywa ili nimtibu, namwambia kwa nini nauliza, na kwamba mimi siyo askari. Haondoki bila kuzungumza habari za uzazi wa mpango, hata kama atakataa. Ni mambo madogo, ya kuandikwa ukutani. Lakini yalihitaji mstari wa chaki ili yapite.

Ningeweza kuishia hapa. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Manundu nanunua nyanya. Mwanamke anayeuza akanipimia, akanipa chenji, akaushika mkono wangu.

"Wewe ndiye yule nesi."

Sikumtambua mpaka alipotaja bodaboda. Nikamuuliza habari za binti, moyo ukinidunda. Yupo, ameolewa huko Handeni, ana watoto wawili. Nikasema, "Mungu mkubwa."

"Wote kajifungulia nyumbani," akasema. "Wa pili alitaka kumchukua, damu ilivyotoka. Tulimsihi twende hospitali. Kasema, afadhali nife hapa kwetu."

Aliyasema bila hasira, akipanga upya mafungu ya nyanya. Nilitafuta neno. Nilitaka kumwambia habari za ukumbi, za mstari, za kuvuka. Nikaona kwamba hiyo ingekuwa kumwomba anipe pole.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Nilimkosea. Nilimweka benchini makusudi."

Alikaa kimya kidogo. "Tulijua," akasema. Halafu: "Ana ya tatu sasa. Miezi saba."

Nikamwandikia namba yangu kwenye kipande cha gazeti. Nikamwambia Jumanne nipo kliniki tangu asubuhi, aje, nitamsubiri mlangoni mwenyewe, hatakaa benchini.

"Ataniuliza kama ni wewe."

"Mwambie ni mimi."

Alikikunja kile kipande, akakifunga kwenye pindo la kanga. Jumanne mbili zimepita. Zote nilikuwa mlangoni.