Pochi Isiyo ya Ngozi

Pochi twaijua sote. Ni kikoba cha ngozi ambacho mtu hukitia mfukoni, na ndani yake huweka fedha, kitambulisho, na pengine risiti za duka alizozisahau tangu mwaka jana. Siku hizi iko pochi nyingine isiyo ya ngozi. Imo ndani ya simu janja, wala haishikiki kwa mkono. Sisi hatushangai kusikia ya kuwa fedha hukaa katika simu, maana M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na hata mama muuza mboga sokoni hupokea malipo kwa njia hiyo. Lakini pochi ninayotaka kuieleza huchukua vyeti pia, na kimoja katika hivyo ni hati ya kupandia ndege. Nimeulizwa habari zake mara nyingi na wazazi ambao watoto wao wako ng'ambo, nao wanaitwa kwenda kuwatazama. Basi naona yafaa niwaeleze kama nilivyoiona mwenyewe.

Kwanza, ndugu msomaji, usichanganye vitu vitatu. Tiketi ni mapatano ya safari na shirika la ndege. Pasi ya kusafiria yaonyesha wewe u nani. Hati ya kupandia yasema ya kuwa umekwisha kuandikishwa kwa safari ya siku ile, na kiti chako ni fulani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoingia katika pochi ya simu. Pasi ya kusafiria ingali kijitabu, nawe huna budi kuichukua.

Zamani tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi, na hati ya kupandia ilikuwa kadi yenye utepe wa sumaku mgongoni. Mashirika yaliyo katika chama chao cha dunia, kiitwacho IATA, yaliacha tiketi za karatasi tangu tarehe 1 Juni 2008, na hata mwisho wa mwaka 2010 ule utepe wa sumaku nao ukaachwa. Mahali pake pakawekwa mchoro mdogo wa vidoa au mistari, ambao mashine huusoma kwa kuutazama tu. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, kwa maana utepe wa sumaku hauwezi kutiwa katika kioo cha simu, bali mchoro waweza. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ilitia katika simu zake programu iliyoitwa Passbook; mwaka 2015 ikabadili jina lake, ikaitwa Wallet, yaani pochi. Wenye simu za Android wanayo ya Google.

Kazi yake si ngumu. Kwa mashirika mengi, saa 24 kabla ya safari waweza kujiandikisha kwa intaneti ungali nyumbani. Ukimaliza, waona kitufe cha kuitia hati katika pochi. Wakibonyeza, nayo imeingia. Tangu hapo haihitaji tena intaneti ili kufunguka. Saa ya safari ikikaribia, hati yaweza kujitokeza yenyewe juu ya kioo bila kutafutwa. Walakini si kila msafiri hupewa. Wanaokwenda nchi zinazotaka visa, aghalabu huambiwa wafike kwanza mbele ya karani, vyeti vyao vitazamwe. Na viko viwanja vidogo ambako karani hataki ila karatasi.

Mwaka 2023 nalikwenda London kwa mafunzo ya walimu ya majuma matatu. Siku ya kurudi, katika uwanja wa Heathrow, nalifika penye malango yanayofunguka yenyewe. Nikaweka simu juu ya kioo cha mashine, mlango ukafunguka. Hapana aliyenisemesha. Nakiri ya kuwa nalipendezwa, lakini nalijiuliza pia: mashine ile imesoma nini hata ikaniamini?

Jawabu nalilitafuta baadaye, nalo ni jepesi kuliko nilivyodhani. Mle ndani ya vidoa hamna siri kubwa. Mmeandikwa jina la msafiri, herufi na tarakimu sita za kumbukumbu ya tiketi, herufi tatu za kiwanja anachotoka na tatu za kile anachokwenda (Nairobi ni NBO, Kisumu ni KIS, Dar es Salaam ni DAR), namba ya safari, kiti, na namba yake katika kuandikishwa. Hata tarehe imo, lakini kwa namna ya ajabu kidogo: siku huhesabiwa tangu mwanzo wa mwaka. Tarehe 1 Februari huandikwa 032, na tarehe 1 Machi huandikwa 060, isipokuwa katika mwaka wenye siku 366, ambapo huwa 061. Mwalimu wa hesabu atafurahi kuwapa watoto kazi hiyo.

Basi mashine husoma maneno hayo, na shirika la ndege lina daftari lake la kuyalinganisha nayo. Daftari hilo ndilo lenye neno la mwisho. Hati, iwe ya karatasi au ya simu, ni kama kijikaratasi cha kumkumbusha mwenye daftari atazame mstari gani. Kwa hiyo mtu aliyepotewa na simu njiani asilie kana kwamba safari imepotea. Na aende kwa karani wa shirika lake na pasi yake ya kusafiria mkononi, ataonekana katika daftari, na atapewa hati nyingine.

Lakini jambo hilo hilo lina upande wa hatari, nao ndio usiosemwa. Vidoa vile havikufungwa kwa kufuli. Mtu yeyote mwenye programu ya kusomea katika simu yake aweza kuvisoma, hata katika picha. Na mwenye jina lako pamoja na zile herufi na tarakimu sita, katika mashirika mengi aweza kuifungua safari yako katika intaneti kana kwamba ni wewe. Mwaka 2020 Tony Abbott, aliyekuwa zamani Waziri Mkuu wa Australia, aliweka picha ya hati yake mbele ya watu wote katika Instagram. Kijana mmoja mjuzi wa mambo hayo akaitumia kumbukumbu ile, akafika mpaka namba ya pasi ya kusafiria ya mzee yule na namba yake ya simu. Kwa bahati njema kijana hakuwa mwizi, aliwaarifu wenyewe. Vijana wetu nao wakipata safari hupenda sana kupiga picha ya hati na kuituma kwa kijiji kizima. Na wapige picha ya uso wao. Ile nyingine waiache.

Tena iko habari ya chaji. Pochi ya ngozi haizimiki. Msafiri na aijaze simu yake kabla ya kutoka, na kama ana betri ya akiba, aiweke katika mfuko anaoingia nao ndani ya ndege, si katika sanduku linalopelekwa chini, kwa sababu betri za namna hiyo zaweza kushika moto na sheria zakataza.

Mwaka uliofuata mama yetu aliitwa London na dada yangu, aliyekuwa amejifungua. Alikuwa hajapata kupanda ndege, na simu yake ni ile ndogo ya vitufe. Alikuwa asafiri peke yake kutoka Kisumu mpaka Nairobi, na huko abadili ndege. Ndugu yangu mdogo alisema karatasi ni mambo ya kale. Hati zote mbili zitiwe katika simu yangu, nami nimwonyeshe askari mlangoni. Nikamwambia, "Na baada ya mlango? Simu yangu itarudi nyumbani pamoja nami." Akashauri tumnunulie simu janja. Mama akasikia, akasema, "Mwanangu, nitakwenda kujifunza simu nikiwa angani?"

Basi tukafika Kisumu mapema. Mama akaenda kwa karani, akapewa hati mbili za karatasi. Alizigeuza pande zote mbili, akazitia ndani ya pasi yake, na pasi akaitia kifuani. "Hizi naziona," akasema.

Nakala ya safari ya pili naliiacha katika pochi ya simu yangu. Usiku ule, nilipokuwa nimekaa sebuleni, simu ikalia kidogo, na hati ikajibadili yenyewe: lango la kupandia ndege huko Nairobi limehamishwa. Moyo wangu ukashtuka, maana karatasi iliyo kifuani mwa mama haiwezi kujibadili, nayo ilikuwa imeandikwa lango la kwanza. Nikampigia mara moja. Simu ililia muda mrefu.

"Mama, uko wapi? Lango limebadilika."

"Najua," akajibu, naye anahema kama mtu anayetembea. "Nalimwuliza binti mmoja aliyevaa sare, akaniambia. Sasa tunakwenda pamoja, na mfuko wangu yeye ndiye aliyeuchukua. Kata simu, usinimalizie chaji."