Nimefika: E-Sir na Haki Yake katika Ushairi wa Kiswahili

Wahenga walisema, mgala muue na haki yake umpe. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na kwa muda sasa nimeamini kwamba yuko mtunzi mmoja ambaye sisi wa vyuoni hatujampa haki yake. Huyo ni marehemu Issah Mmari, aliyejulikana na wengi kwa jina la E-Sir.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1981 na kukulia mtaa wa South C, Nairobi. Alifariki tarehe 16 Machi 2003 katika ajali ya gari, akirejea Nairobi kutoka Nakuru alikokwenda kutumbuiza na mwenzake Nameless. Alikuwa na umri wa miaka 21. Umri huohuo ndio aliofia Sid Vicious wa kundi la Sex Pistols la Uingereza mwaka 1979, na hadi leo wengi humkumbuka huyo kwa kifo chake kuliko kwa kazi yake. Naomba E-Sir tusimtendee hivyo. Tumkumbuke kwa lugha yake.

Alipofariki, mimi nilikuwa mtoto mdogo, Changamwe, sijaanza hata darasa la kwanza. Nyimbo zake zilinifikia kwa kanda za binamu yangu na kwa matatu za Magongo, tena zilinifikia kabla ya tungo za Muyaka. Nyumbani kwetu muziki wa kufoka haukupendwa. Hata hivyo, babu yangu wa Kisauni, ambaye kwake Kiswahili ni Kimvita na kingine ni cha kuazima, aliwahi kusikiliza wimbo mmoja hadi mwisho kisha akauliza, "Kijana huyu wa bara kafunzwa na nani?" Kwa anayewajua wazee wetu, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

E-Sir hakuwa wa kwanza kufoka kwa Kiswahili nchini Kenya. Kalamashaka wa Dandora walikwisha kumtangulia. Alilolifanya yeye, chini ya watayarishaji Ogopa Deejays, ni kukipeleka Kiswahili chepesi, chenye vina vinavyoitikiana, hadi kwenye kumbi za starehe, mahali ambapo vijana wengi waliona fahari kuimba Kiingereza. Hebu tutazame majina ya nyimbo zake. "Leo ni Leo" ni nusu ya methali ambayo kila msikilizaji anaweza kuikamilisha mwenyewe. "Moss Moss" ni neno la Kijaluo lenye maana ya polepole, lililoingia katika Sheng na kukaa humo kama mwenyeji. "Hamunitishi" ni sentensi nzima ndani ya neno moja: ukanushi, nafsi ya watendaji, nafsi ya mtendwa na kitendo chenyewe. Mwalimu wa mofolojia angetafuta mfano bora kuliko huo wapi?

Tena "Hamunitishi" ni majigambo, na majigambo si ugeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na mahasimu wa mji wake, akajitapa na kuwakejeli. Wahakiki humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Iwapo hilo ni sifa kwa Muyaka, kwa nini liwe aibu kwa kijana aliyeufikisha kwenye matatu?

Katika semina moja niliambiwa kwamba nyimbo za namna hii hazina mizani, kwa hiyo si mashairi. Naiheshimu hoja hiyo, lakini tumewahi kuisikia. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, aliambiwa maneno yanayokaribiana na hayo, na leo diwani hiyo tunaifundisha. Mizani ya mfokaji haihesabiwi kwa silabi za mshororo bali kwa mapigo ya ngoma, na anayekosa pigo moja huonekana papo hapo mbele ya hadhira. Hiyo nayo ni kanuni, tena kali.

Sisemi kwamba kila kinachofokwa ni ushairi. Mengi ni kelele tu, kama vile tungo nyingi zenye vina na mizani kamili zilivyo kelele. Ninalosema ni kwamba tupime kabla ya kukataa. Leo vijana wa Likoni waliozaliwa baada ya 2003 wanaziimba nyimbo za E-Sir kwa moyo, ilhali wengi wao hawawezi kukariri ubeti mmoja wa shairi walilolifanyia mtihani. Hilo ni swali kwetu sisi, walimu wa kesho.

Albamu yake, *Nimefika*, ni ya mwaka uleule aliofariki. Wanasarufi wanatufundisha kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililotimia ambalo hali yake ingali ipo. Hakusema "nilifika". Mtunzi amekwisha kufika mlangoni. Kilichobaki ni sisi kumkaribisha ndani.