Kabla Hujaagiza, Uliza

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mama yako kaniambia wenzio wa chuoni wanakutoa Jumamosi mkahawa wa Kijerumani hapo München, nawe wataka kusingizia homa. Nenda, baba. Ila kabla hujaagiza, uliza.

Meza tupu usiikimbilie. Ikiwa na kibao cha Stammtisch ina wenyewe, wanaokutana hapo miaka nenda miaka rudi. Mimi nilipokuwa mwanafunzi huko nilijikalia zangu, wakaja wazee wanne wakanisimamia kichwani kimya. Nilihama na menyu yangu mkononi.

Sasa nguruwe. Neno likianza na Schwein-, hiyo ni kitimoto, halina maswali. Tabu ni ile inayojificha. Leberkäse ukilitafsiri ni ini na jibini. Ya huko Bavaria haina ini wala jibini, ni nyama ya ng'ombe na nguruwe iliyosagwa ikaokwa kama mkate. Weißwurst utaambiwa ya ndama, kumbe mafuta ya nguruwe yamo. Hata ile kabichi nyekundu iliyojitulia pembeni ya sahani mara nyingi imepikwa kwa mafuta hayohayo. Mwambie mhudumu: "Ist da Schwein drin?" Hatakununia, Mjerumani swali la wazi halioni ufidhuli. Mimi niliponea Käsespätzle, tambi fupi za mayai na jibini, juu kitunguu cha kukaanga kikavu kinachovunjikia mdomoni. Na hizo pia uliza, wapo wanaotia Speck, nayo ni nguruwe.

Ukisema "Wasser" tu utaletewa maji ya gesi, tena ya kulipia, sema "still". Na mikate ya Brezn ikiwekwa mezani kwenye kikapu, usidhani ni karibu mgeni: huhesabiwa mmoja mmoja.

Mwisho mtaulizwa "zusammen oder getrennt", pamoja au kila mtu na lake. Usistaajabu waliokutoa wakijibu "getrennt". Beba hela taslimu, maana wapo wasiotaka kadi. (Hela yenyewe neno lao, Heller, sarafu ya enzi ya Mjerumani hapa kwetu.) Bakshishi usiiache mezani: bili ikiwa yuro 18.40, mpe mhudumu 20 useme "stimmt so".

Mama yako anasema uvae koti. Niandikie ulikula nini, na kama uliletewa mchuzi wa kahawia, uliuulizia nguruwe?

Mjomba wako