Asibebwe Mtu



Kaskazi imeshika, vuli imepita, na kama kila mwaka watu wameanza kutoka nje. Huu ndio wakati wa matamasha ya muziki uwanjani na harusi za pwani, taarabu inapotoka ukumbini ikapigwa chini ya nyota. Wapo miongoni mwenu maharusi watarajiwa wanaopanga shughuli ya wazi, na wapo wanaosubiri Februari wende Sauti za Busara, tamasha tulilolizowea tangu 2004. Na wapo wasioingia kwenye muziki kabisa; hilo tumeshalizungumza sana na leo sitolifungua tena. Leo nataka kumzungumzia mgeni mmoja tunayempelekea kadi, au tunayemuuzia tiketi, halafu hatufikirii ataingiaje.

Dada yangu alipata polio akiwa mtoto. Anatumia kiti cha magurudumu. Ni fundi cherehani, na gauni nyingi za harusi zinazosifiwa mtaani kwetu zimepita mikononi mwake. Pia ni mpenzi wa taarabu kupindukia. Nyimbo ambazo mimi najua kiitikio tu, yeye anazijua beti zote, na anajua ubeti upi alipigwa nao nani.

Miaka kadhaa nyuma tulikwenda tamasha moja la usiku, sitolitaja. Tiketi yake alilipa kamili. Langoni palikuwa na ngazi tatu. Kabla hatujasema neno, vijana wanne wa mlangoni, wenye nia njema kabisa, walikishika kiti wakakinyanyua. Mmoja akampitisha mkono kwapani asije akaanguka. Baibui likapanda mpaka magotini, mtandio ukavutika nyuma, na yeye mikono yote miwili imeshika kiti, hawezi kujirekebisha. Walipomtua ndani watu wakapiga makofi. Waliwapigia wale vijana.

Ndani hakuona kitu. Watu walisimama, naye aliyekaa aliona migongo tu. Ulipofika wimbo wake alikuwa na noti ya elfu tano ameikunja mkononi tangu nyumbani, lakini kati yake na jukwaa palikuwa na majani marefu na waya nene za umeme zimelazwa chini. Nikamwambia nipe nikupelekee. Akakataa, akasema tunzo haitumwi. Noti alirudi nayo.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu: "Yale maspika yalipandishwa jukwaani kwa ubao wa mteremko, nimeuona kwa nyuma. Mimi nimebebwa."

Sisi wanawake wa visiwani neno stara halitutoki mdomoni. Gauni lisioneshe, simu zisipige picha ukumbini, wapishi wanaume wapite mlango wa nyuma. Tunahangaika, na tunafanya vizuri kuhangaika. Basi tuseme na hili pia: mlango wenye ngazi, usio na mteremko, unamvua mtu stara. Unamlazimisha mwanamke mzima kushikwa na wanaume asiowajua, mbele ya kadamnasi, na juu ya hayo ashukuru. Wengi hawaji tena. Tunasema "hapendi kutoka", kumbe hataki kubebwa.

Sura ya Abasa tunaifahamu sote, sina haja ya kuirudia. Hadithi ninayoikumbuka mimi kila nikilifikiria jambo hili ni ile ya Bi Aisha, Allah amuwie radhi, imo katika Bukhari na Muslim. Ilikuwa siku ya Idi, na Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini. Mtume, rehma na amani zimfikie, alisimama akamsitiri kwa shuka yake, naye akatazama kutokea nyuma yake, na hakuondoka mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Tazameni yote yaliyomo humo. Alisitirika. Alipata pahala pa kuonea. Na aliyeamua kwamba sasa inatosha ni yeye, si wa kumrudisha nyumbani. Mtu akinipa dakika moja ya kueleza maana ya tamasha linalofikika, nitamsomea hadithi hii.

Sasa tuje kwenye mbao na misumari, maana nia peke yake haimpandishi mtu ngazi.

Mteremko una hesabu yake, na mafundi wengi hawaijui. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inataka ubao wa mita 1.8, na ngazi tatu za namna hiyo zinataka mita 5.4. Ukiweka ubao mfupi, mkali kama wa kupakilia magunia, kiti kitarudi nyuma na aliyekaa ndani yake. Upana usipungue sentimita 90, na pembeni kupigiliwe kibao kidogo cha kuzuia tairi lisitoke. Hiyo ni kazi ya seremala mmoja wa siku moja.

Ardhi nayo ni mtihani. Mchanga wa pwani unapendeza kwenye picha, lakini vile vigurudumu vidogo vya mbele vinazama na kiti hakiendi mbele wala nyuma. Mwenye magongo naye hivyo hivyo, gongo linaingia chini. Dawa yake ni plaiwudi zilazwe moja baada ya moja kutoka pale gari linaposimama mpaka kwenye viti, zigusane vizuri kusiwe na mdomo wa kukwamia. Na zulia lile zito jekundu tunalolipenda, ama litandikwe likazwe, ama liachwe. Zulia lililolegea ni baya kuliko mchanga.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba kwetu haiwezekani kwa sababu majengo ni ya kale. Ngome Kongwe imejengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, vibaraza vyake vya kukalia ni ngazi za mawe, na Mji Mkongwe wote ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Sawa, hakuna anayetaka kubomoa jiwe. Lakini jukwaa, taa, maturubai na mitambo yote ya tamasha huingizwa siku chache kabla na kutolewa baada yake, na ukuta haujaguswa. Mteremko wa mbao ni kitu hicho hicho. Unakuja na jukwaa, unaondoka na jukwaa.

Wenzetu wamelifanyia kazi hili kitambo. Uingereza tangu 2000 ipo taasisi iitwayo Attitude is Everything inayowaelekeza wenye matamasha na kumbi za muziki namna ya kuwapokea watu wenye ulemavu. Tamasha la Glastonbury, lile la mashambani lenye matope yake maarufu, lina majukwaa yaliyoinuliwa ya kutazamia kwa walio kwenye viti vya magurudumu, lina kambi yao, lina wakalimani wa lugha ya alama, na msaidizi wa mtu mwenye ulemavu hupata tiketi bure. Hayo mazuri, tuyachukue.

Ila tusiyachukue kwa kunakili tu. Majukwaa yale ya kutazamia mara nyingi huwa mbali na jukwaa la muziki, na kila mtu huruhusiwa kupanda na mwenzake mmoja. Jamani, nani kwetu anakwenda taarabu na mtu mmoja? Dada yangu anakwenda na mimi, na mama mdogo, na mashoga zake wawili na mtoto wa jirani. Ukimweka juu peke yake na msaidizi umempa macho ukamnyang'anya watu. Na taarabu si ya kutazama kwa mbali. Mtu anainuka pale unapofika ubeti wake, anakwenda taratibu kwa madaha, noti juu, kila mtu anamuona anakwenda kutunza kwenye ubeti upi, na wa kuelewa ameelewa. Huko ndiko kushiriki kwenyewe. Kwa hiyo kwetu sisi pahala pa kutazamia pawe ubavuni mwa jukwaa, upande wa wanawake, pameinuliwa kidogo, pana nafasi ya jamaa zake, na kutoka hapo mpaka kwa muimbaji kuwe na njia iliyo sawa, waya zote zimefunikwa. Bi Kidude, Allah amrehemu, aliimba mpaka uzeeni. Angekuja msikilizaji wa umri wake, tungemketisha wapi?

Viziwi nao tusiseme "muziki haumhusu". Ngoma inasikika kwa nyayo na kifua, na maneno ya taarabu ndiyo nusu ya raha yake. Lakini mkalimani wa lugha ya alama msimuite saa mbili usiku mkamsimamisha gizani. Taarabu ni mafumbo. Mkalimani asiyepewa maneno ya nyimbo siku kadhaa kabla atatafsiri "ua" kuwa ua la bustanini, na kisa chote kimepotea. Apewe maneno, aelezwe nani anaambiwa nini, asimame karibu na jukwaa na taa imuangaze mikono na uso. Kiziwi naye ana haki ya kujua leo mipasho imemwangukia nani.

Wasioona wana lao. Shoga yangu mmoja aliniambia kwamba kwenye shughuli kila mtu yuko tayari kumshika mkono kumpeleka chooni, lakini hakuna anayemwambia bibi harusi kavaa rangi gani. Mkae naye mmsimulie. Na mkitaka kumuongoza, mpeni mkono wenu aushike yeye, msimsukume kwa mgongoni.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kipindi cha alasiri ni adhabu. Jua la saa tisa halina huruma na ngozi zao, na macho yanaumia. Turubai lifunike pahala pazuri pa kuonea, si pembezoni tu karibu na jiko.

Halafu Magharibi inaingia, na tamasha lolote la nje visiwani linajua kwamba itaingia. Hapa ndipo ninapoona tumesahau kabisa. Bomba la udhu liko chini sana au juu sana, sakafu inateleza, na pa kusalia ni juu ya ngazi. Meza ya kimo cha kiti, ndoo yenye bomba, na kitambaa cha maji cha kupangusia matairi kabla ya kuingia kwenye mikeka: ni hivyo tu. Dini imempa ruhusa asali amekaa ikiwa hawezi kusimama. Sasa sisi tunamnyima hata pa kukaa.

Wapo watakaosema haya ni hisani, tufanye tukijaaliwa. Si hisani. Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, ambao ibara yake ya 30 inataja kwa jina utamaduni, burudani na michezo. Anayeuza tiketi ayajue hayo. Na anayefunga harusi, ingawa hakuna askari atakayemjia, anajua aliyemualika ni nani.

Kwenu maharusi nasema hivi: kabla hamjachagua uwanja, pigeni simu. Si kwa wote, kwa wale tu mnaojua wana haja. Muulizeni mtu mwenyewe, msimuulize mama yake wala mumewe: utakuja na nini, unapenda kukaa wapi, nani akusaidie ukihitaji? Pengine atakujibu hataki chochote ila meza isiyo na msalaba wa chuma kati ya miguu, ili kiti chake kiingie chini. Bibi wa miaka themanini ana haja hizo hizo, na mjamzito wa miezi minane, na mwenye mapacha kwenye kigari. Mteremko ukishawekwa, angalieni wenyewe ni wangapi wataziacha ngazi.

Sisi tuna harusi ya binti wa kaka yetu, inshaAllah, baada ya wiki tatu, na itakuwa shamba. Bibi harusi alisema mapema kwamba shangazi yake habebwi, na kama atabebwa basi naye ataingia kabebwa, tuone wageni watatazama nini. Dada amekwenda mwenyewe na futi yake ya ushonaji, amepima njia kutoka barabarani mpaka chini ya mwembe, akaandika kwenye daftari lake la wateja: plaiwudi 14. Tumeziazima kwa mkandarasi anayejenga jirani, kwa sharti zirudi safi. Mashairi ameshayapeleka kwa mkalimani, kwa sababu mama wa bwana harusi ni kiziwi na dada hataki apitwe na ubeti wa tatu, aliouchagua yeye kwa makusudi. Sijaambiwa makusudi gani.

Kilichobaki ni choo. Kilichopo shambani ni cha kuchuchumaa na mlango wake ni mwembamba, kiti hakipiti. Fundi amesema cha kukaa anacho, na vyuma vya kushikia atavichomelea, lakini mlango lazima upanuliwe. Anakuja Jumamosi kupima, na dada amesema atakuwepo.