Kufufuka na Kufufuliwa: Safari Moja, Miji Miwili

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii ilimkabili mhadhiri mmoja kijana kutoka magharibi mwa Kenya, aliyekuwa akifundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani. Likizo ya sikukuu ya Shukrani ilikuwa ya siku nne, na akiba yake ilitosha nauli ya basi ya safari moja tu. Kaskazini kulikuwa na Detroit, mji wa magari. Mashariki kulikuwa na Pittsburgh, mji wa chuma cha pua. Miji yote miwili ilitajirika kwa viwanda, ikaanguka navyo, na sasa husifiwa kuwa imefufuka.

Lau angalikuwa mtalii wa kawaida, angalipiga kura na kufunga safari. Lakini yeye alizaliwa katika mji mdogo uliochipuka kando ya kiwanda. Baba yake alifanya kazi humo hadi siku lango lilipofungwa kwa mnyororo. Tangu hapo, kila msimu wa uchaguzi wanasiasa hupanda jukwaani na kuahidi, “Tutakifufua!” Watu hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani kungoja. Kwa hiyo swali lake halikuwa la starehe. Alitaka kujua jinsi mji unavyoinuka baada ya mhimili wake kuvunjika.

Hoja za Detroit zilikuwa nzito. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na wakazi takriban milioni 1.85, sensa ya 2020 ilihesabu karibu 639,000. Mnamo Julai 2013 serikali ya mji ilitangaza mahakamani kuwa imefilisika, ikielemewa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Hata hivyo, kituo chake kikuu cha reli, ambacho garimoshi la mwisho lilikiaga mwaka 1988 kikabaki gofu kwa miongo mitatu, kilinunuliwa na kampuni ya Ford mwaka 2018 na kufunguliwa upya Juni 2024. Detroit ingali inaunda magari. Kwa maneno mengine, uliinuka huku umeshikilia ufundi wake wa jadi. Gharama nayo haikukosekana: katika makubaliano ya kuunusuru, wastaafu wengi wa serikali ya mji walipunguziwa malipo ya uzeeni.

Pittsburgh ilifuata njia nyingine. Wakazi wake walikuwa karibu 676,000 mwaka 1950, na karibu 303,000 mwaka 2020. Katika miaka ya 1980 tanuri zilizimwa moja baada ya nyingine. Kiwanda cha Homestead, kando ya mto Monongahela, kilifungwa mwaka 1986. Leo mahali pake pana maduka na sinema, na dohani 12 zilizoachwa zimesimama kama mashahidi. Chuma hakikurudi kama kilivyokuwa. Hospitali na vyuo vikuu ndivyo vilivyogeuka kuwa waajiri wakubwa. Wala havikuzuka ghafla. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alianzisha shule za ufundi mwaka 1900, nazo zikakua hadi kuwa sehemu ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Jonas Salk na wenzake walitengeneza chanjo ya polio iliyotangazwa kuwa salama mwaka 1955. Mbegu ilipandwa wakati wa neema, ikavunwa wakati wa ukame.

Hapo ndipo ualimu wa sarufi ulipomjia msafiri wetu. Kutokana na kitenzi fufua hupatikana fufuka na fufuliwa. Wito wa Detroit, uliotungwa kwa Kilatini baada ya moto wa mwaka 1805, unasema kuwa mji utafufuka kutoka majivuni. Kauli ya kutendeka inatia moyo, ila inamficha mtenda: haisemi nani alifanya kazi wala nani alilipa. Kauli ya kutendwa nayo humfanya mtu angoje mtenda aje. Watu wa kwao wamekaa miaka mingi ndani ya kitenzi hicho cha pili.

Hatimaye alikata tiketi ya Pittsburgh. Hakudanganyika kwamba huko hakuna machozi. Familia zilizohama tanuri zilipopoa si zile zinazofanya upasuaji na utafiti leo. Mji uliinuka, lakini si kila aliyeanguka nao aliyeinuka nao. Aliuchagua kwa sababu moja: swali lake lilihusu mahali ambapo kiwanda hakirudi. Detroit ingemwonyesha subira ya wale waliorejeshewa kitu. Kwao hakuna hakika ya kurejeshewa.

Aliazimia kuanzia Homestead, chini ya zile dohani, aulize wafanyakazi walikwenda wapi. Kisha angepanda mjini kwenye vyuo na hospitali, akiwaza kuhusu chuo kidogo cha ufundi cha kwao chenye karakana mbili, na hospitali ya misheni isiyo na wauguzi wa kutosha. Hivyo vipo tayari. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kuvitaja jukwaani, kwa kuwa havijafa na haviwezi kufufuliwa. Vinahitaji kukuzwa tu.