Kamba ya nanga haipimwi kwa bei
Leo naongea juu ya kosa langu.

Mjomba wa Pweto aliniomba nimnunulie kamba ya nanga hapa Lubumbashi. Kwenye soko la Kenya nilichagua ya bei ya chini, mita 20. Usiku mmoja bwato lake lilitia nanga kwenye ziwa Moero, likiwa na mama na watoto waliokuwa wanarudi nyumbani. Upepo ukapanda, mawe yakaisugua kamba, ikakatika. Bwato likasukumwa gizani mpaka kwenye matete. Tunashukuru Mungu, wote walitoka wazima.

Mjomba hakunikaripia, alinifundisha. Nanga inashika ikivutwa kwa chini. Kamba fupi inaivuta juu, inang'oka. Kwa maji ya mita 5, achilia mita 25 hadi 35. Karibu na nanga funga mnyororo wa mita chache: mawe hayaukati, na uzito wake unailaza nanga. Kamba ya nailoni inavutika kidogo mawimbi yakipiga, kwa hiyo haikatiki haraka.

Ndugu, kabla ya kupanda bwato, ulizeni: kamba ni mita ngapi? Mnyororo uko wapi?

Mimi nimerudi sokoni.