Mgeni na Kiwanja

Anunuaye ng'ombe hupewa ng'ombe mzima, pembe na kwato, na jioni humswaga mpaka zizini kwake. Anunuaye ardhi hana cha kuswaga. Apewacho ni karatasi, na nguvu ya karatasi hiyo hutegemea jina lililoandikwa juu yake, tena hutegemea kama mwenye jina ni raia au mgeni. Haya nimeyatafakari sana tangu nilipoanza kutafuta kiwanja katika mji wa Nairobi, ambako nimefundisha kwa miaka tisa, nami si raia wa nchi yake.

Nilizaliwa Tanga, nikasomea ualimu Korogwe, kisha nikavuka mpaka wa Horohoro kuja kufundisha Kiswahili. Shule yangu iko Kawangware. Chumba ninachopanga kiko Kibera. Kati ya mitaa hiyo ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, nami huenda kwa miguu kila siku ambayo mvua hainyeshi. Watu wa mbali huichanganya mitaa hii miwili wakidhani ni kitu kimoja. Kwa macho hawakosei sana: hapa mabati na pale mabati, hapa foleni ya mitungi ya maji na pale foleni vilevile. Lakini katika daftari la ardhi imeachana kama mlima na bahari.

Kawangware ilikuwa ndani ya eneo lililotengewa Wakikuyu wakati wa ukoloni. Mji ulipanuka baadaye ukaimeza, lakini jamaa zilizokuwa na mashamba pale zilibaki na hati zao. Kwa hiyo nyuma ya kila safu ya vyumba vya mabati aghalabu yuko mzee mwenye hatimiliki ndani ya sanduku. Kibera si hivyo. Ardhi yake, kwa sehemu kubwa, imehesabiwa kuwa ya serikali, na anunuaye nyumba kule hununua kuta za udongo, mabati, milango, na haki ya kupokea kodi kwa wapangaji. Udongo ulio chini ya nyumba haumo katika bei. Nimeona nyumba zikibadili wenyewe kwa karatasi ya daftari la shule na mashahidi wawili, na pesa zilizolipwa zilikuwa pesa za kweli.

Ni lazima nieleze asili ya jambo hili, kwa sababu linahusu neno mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, yapata mwaka 1904, askari wenye asili ya Sudan waliokuwa wakiwatumikia Waingereza katika jeshi la King's African Rifles walianza kukaa msituni karibu na Nairobi. Mahali hapo wao wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha yao ya Kinubi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza mahali hapo kuwa hifadhi ya kijeshi, eneo la ekari 4,197. Lakini hawakupewa hati. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, iliwaona kuwa wapangaji kwa ridhaa ya Serikali ya Mfalme. Maana yake, wakae mpaka watakapoambiwa waondoke. Hawakuwa wenyeji wa eneo lililotengewa kabila lolote, wala hawakuwa walowezi. Mlowezi alikuwa na bahati nyingine kabisa: kwa sheria ya mwaka 1915 aliweza kukodi ardhi ya Taji kwa miaka 999.

Mkoloni akaondoka, Wanubi wakabaki, na hali yao haikubadilika upesi. Vijana wao walipokwenda kuomba vitambulisho walihojiwa mbele ya kamati, waeleze babu zao walitoka wapi. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imezivunja haki za watoto wa Kinubi, ambao walizaliwa na kukua bila hakika ya uraia. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Wanafunzi wangu niliwapa hesabu hiyo waigawanye wenyewe: ni chini ya sehemu moja ya kumi na nne ya zile ekari za 1918.

Bibi mwenye nyumba ninayopanga ni mjukuu wa askari mmoja wa hao. Siku moja aliniona nikipiga hesabu za kiwanja, akaniambia, "Mwanangu, wewe ukiitwa mgeni una kwenu pa kurudi. Sisi tuliitwa wageni hapahapa walipozikwa wazee wetu." Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwomba radhi na kuendelea na hesabu zangu, maana mwezi huohuo mzee mmoja wa Kawangware alikuwa ameniambia anauza kipande cha futi 40 kwa 80, si mbali na shule, nami nilikuwa nimeweka akiba katika chama kwa miaka saba.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 65, inasema kwamba asiye raia aweza kushika ardhi kwa kukodi tu, na kukodi huko kusizidi miaka 99. Tena haikuishia hapo. Imesema kuwa mkataba wowote ukidai kumpa mgeni haki kubwa kuliko hiyo, utahesabiwa kuwa umempa miaka 99 na si zaidi. Fikirini uzito wa maneno hayo. Hata mzee angeniandikia kuwa ardhi ni yangu na ya vizazi vyangu mpaka mwisho wa dunia, sheria ingeisoma karatasi hiyo kwa miwani yake na kuona 99. Wageni waliokuwa na miaka 999 nao walipunguziwa ikawa 99. Nakiri nilifurahi kidogo niliposoma hayo, kisha nikakumbuka kuwa mkasi uliomkata mlowezi ndio unaonikata mimi.

Kwa shamba la kilimo mlango ni mwembamba zaidi. Sheria ya mwaka 1967 inaiamuru bodi ya ardhi ikatae kumwuzia mtu asiye raia, na hakuna njia ila msamaha wa Rais. Ndiyo sababu swali la kwanza la wakili wangu halikuhusu bei. Aliuliza kama kiwanja kimeandikwa kuwa cha mji au cha kilimo, kisha akapekua daftari la ardhi.

Wenzangu shuleni walinishauri kwa nia njema. "Mwalimu, andikisha kwa jina langu," mmoja alisema, "sisi si ndugu?" Ni ndugu kweli, tumekula sahani moja miaka tisa. Lakini Katiba imeliziba tundu hilo pia. Mali iliyowekwa kwa amana ya mtu mwingine huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu wote wanaofaidika nayo ni raia, na kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa wenye hisa wote ni raia. Na sheria ikiwekwa kando, bado kuna mauti. Rafiki yangu akifa, warithi wake watafungua daftari la ardhi, nao hawatakuta humo udugu wetu wala sahani yetu. Watakuta jina la baba yao.

Wengine walisema niombe uraia. Kwa mujibu wa Katiba, mtu aliyekaa Kenya kihalali kwa miaka saba mfululizo aweza kuomba kuandikishwa, akitimiza masharti. Lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Nikichukua wa huku nitaupoteza wa kule, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 iliandika kwamba asiye raia asipewe ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo ningepata futi 40 kwa 80 Kawangware, nami ningehesabiwa mgeni katika nchi ambayo baba yangu alipanda minazi. Biashara hiyo sikuitaka, na sitaki kumhukumu aliyeitaka.

Basi wakili akatushauri mimi na mzee tuache neno kuuza. Mzee abaki na hati yake, anikodishe kiwanja kwa miaka 99 kwa mkataba utakaosajiliwa, nilipe fedha zote mwanzoni, na kila mwaka nimpe kodi ndogo ya heshima. Miaka ikiisha, ardhi itarudi kwa uzao wake.

Mzee alinyamaza kitambo, akihesabu kwa vidole. "Mwalimu," akasema, "miaka hiyo ikiisha mimi nitakuwa wapi?"

"Mzee wangu, hata mimi sitakuwapo. Binti yangu ana miaka minne. Atakuwa na miaka 103."

Akacheka mpaka akafuta macho. Lakini alipokwisha kucheka, sisi wawili tuliachana katika jambo moja, nalo ndilo linalotuweka mpaka leo. Mimi nasema bei ipungue, kwa kuwa sinunui udongo, nanunua miaka, na kila mwaka unaopita kitu nilichonunua kitapungua, hata siku moja benki itakataa kukipokea kama dhamana. Yeye asema bei ni ileile, kwa kuwa miaka 99 ni mingi kuliko maisha ya mtu, na asiyeweza kuila yote asilalamike kuwa sahani ni ndogo. Wakili anasema wote tuna hoja, na kwa kila kikao anatutoza ada yake. Tumepunguza tofauti yetu kwa nusu. Alhamisi ijayo tunakwenda tena, na safari hii mzee amesema atakuja na mjukuu wake mkubwa, asikilize habari za kiwanja kitakachorudi kwa wajukuu wa mjukuu.